Mbwa na paka jioni ndani ya nyumba: kupanga picha bila kugombana na giza

Huku Dodoma mbwa wengi mchana wanashinda bandani wanafunguliwa usiku, paka nao mchana kutwa wamelala uvunguni mwa kitanda au juu ya kabati, sasa wewe unatoka zako kazini Mtumba, unafika Kisasa au Ilazo jua limeshazama ndo unamkuta mnyama amechangamka, unatoa simu, unapiga, inatoka picha ya njano, ina chenga, macho yanawaka kijani na nyuma yake kuna ndoo na waya wa ekstensheni. Wengi hapo wanasema simu yangu mbovu. Mara nyingi simu haina shida kivile, shida ni kwamba umetaka sebule nzima ionekane wakati mwanga uliopo unatosha kipande kidogo tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza sio kutafuta taa kubwa, ni kuamua kipi kionekane na kipi kibaki gizani. Ukishakubali giza liwe sehemu ya picha, mengine yote yanakuwa rahisi.

Kabla ya chochote futa lenzi. Najua linasikika kama jambo dogo lakini kwa vumbi letu hili, hasa ile miezi ya upepo kuanzia wa 7 mpaka wa 10, simu inayokaa mfukoni inakuwa na mchanganyiko wa vumbi na mafuta ya vidole, na mwanga ukiwa hafifu taa yoyote ikiingia kwenye picha inatawanyika inaleta ukungu. Puliza kwanza vumbi litoke, ndo ufute na kitambaa laini cha pamba.

Haya, mwanga. Zima taa zote za ndani halafu simama katikati ya chumba uangalie mwanga unatokea wapi. Karibu kila nyumba kuna sehemu moja au mbili tu za maana: dirisha kubwa la sebuleni na mlango wa mbele ukiwa wazi. Jua letu linazama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni kutegemea mwezi, na likishazama giza linaingia haraka, una kama dakika 20 hivi za mwanga laini mzuri sana, baada ya hapo basi. Hizo dakika usizitumie kutafuta chaji. Na wale mnaoamka mapema mna bahati, asubuhi unaipata tena, na mbwa anakuwa ameshachoka na lindo la usiku, ametulia.

Weka mnyama ubavu kwa dirisha, yaani mwanga umpige upande mmoja wa uso, wewe usimame dirisha likiwa kushoto au kulia kwako. Ukisimama umeliangalia dirisha anakuwa kivuli cheusi (inafaa kama ndo unachotaka, paka amekaa dirishani na masikio yake yamechorwa na anga la jioni, hapo ni safi kabisa, ila gusa anga ndo uweke mwanga wa picha). Na umbali una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, mnyama akiwa mita moja kutoka dirishani anapata mwanga mwingi mno kuliko akiwa mita tatu, na faida ya pili ni kwamba ukuta wa nyuma ambao uko mbali unabaki giza wenyewe, ndoo zimepotea, waya umepotea, hujahamisha hata kochi. Pazia zito lifungue lote, lile jepesi jeupe liache, linalainisha. Kama dirisha ni la aluminiamu sogeza kioo upande kama kina tinti, maana tinti inakula mwanga.

Halafu usiiwashe ile taa ya dari ukidhani unasaidia. Mwanga wa jioni wa dirishani ni wa bluu, balbu yako huenda ni ya njano, paka anatoka nusu bluu nusu njano na simu haijui ifuate ipi. Chagua mmoja. Kwa wanaopiga mchana, chumba chenye dirisha la kusini ni kizuri sana mwezi wa 6 na wa 7, kipindi hicho jua linapita upande wa kaskazini kwa hiyo dirisha la kusini halipigwi na jua moja kwa moja, mwanga unakuwa tulivu kutwa nzima.

Sasa kumfikisha hapo. Kumbeba paka na kumweka unapotaka haisaidii, atakaa sekunde mbili anaondoka na hasira zake. Weka kitu anachokipenda pale penye mwanga, kanga ya zamani, gunia, boksi tupu (paka na boksi ndugu yangu, hawaachani), kiache hapo hapo akizoee kwa muda wake. Mbwa mwekee maji au msubiri pale mlangoni kwenye sakafu ya baridi anapolala kila siku. Dagaa mmoja mkononi anafanya kazi kuliko kuita jina mara kumi.

Ukishampata, shuka chini. Kaa sakafuni au lala tumbo, kamera iwe usawa wa macho yake. Ukipiga umesimama unapata kichwa kikubwa na sakafu, na sakafu ya vigae inaakisi taa ovyo. Ukiwa chini mandhari ya nyuma inakuwa mbali, inakuwa giza, na macho yanashika kile kidoti cha mwanga wa dirishani. Kile kidoti ndo uhai wa picha, kama hakipo mzungushe kidogo au zunguka wewe mpaka kitokee. Na gizani mboni ya paka inafunguka inakuwa duara kubwa jeusi, wakati juani inakuwa kijistari chembamba, kwa hiyo kwa paka mwanga hafifu ni faida kabisa.

Washa gridi ya kamera (ile mistari ya kugawa skrini), weka jicho lililo karibu na wewe pale mistari inapokutana upande mmoja, na lile giza liache upande anaoutazama. Mtu akiangalia picha anafuata macho ya mnyama, ukimbana pua karibu na ukingo anaonekana kama kafungiwa. Masikio na ncha ya mkia ama viingie vyote ama ukate waziwazi, usikate ncha ya sikio tu. Fremu ya mlango nayo ni ya kutumia sana, koridoni kuna giza, chumba cha mbele kina mwanga, mbwa kakaa kizingitini, fremu imejipanga yenyewe.

Kwenye simu gusa jicho, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha kidogo kile kialama cha jua kinachopunguza na kuongeza mwangaza. Simu ikiona giza inalazimisha kila kitu king'ae, inaleta chenga. Mbwa mweusi ndo hasa umshushe, kamera inataka kumfanya kijivu, ila paka mweupe aliyejaza fremu unapandisha kidogo maana yeye inamfifisha.

Kutikisika ndo adui mkubwa. Kama simu yako ina modi ya Pro (unapanga mwenyewe) weka shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, 1/125 ya sekunde kwa mnyama aliyetulia, 1/250 akiwa anacheza, ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga) iache ipande, picha yenye chenga inatazamika lakini iliyotikisika hairekebishiki. Modi ya usiku inapiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha, mnyama akigeuza kichwa katikati anatoka kama mzimu, kwa hiyo iache kwa ajili ya aliyelala. Modi ya potreti nayo gizani inakata sharubu na manyoya ya sikio vibaya, mi siipendi. Usivute zumu, sogea. Piga nyingi mfululizo, utapata moja jicho liko wazi. Wenye kamera kubwa na lenzi ya f/1.8 (tundu la lenzi limefunguka sana), mbwa ana pua ndefu, fokasi ikikaa puani macho yanapotea, bana tundu kidogo mpaka f/2.8.

Usiku kabisa sasa. Flashi hapana, nyuma ya jicho la mbwa na paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndo maana macho yanawaka, na flashi ya simu iko jirani kabisa na lenzi kwa hiyo inarudi moja kwa moja. Tumia taa ya mezani upande mmoja, au mwambie dogo ashike tochi ya simu nyingine aielekeze kwenye ukuta mweupe au silingi bodi, sio usoni kwa mnyama, mwanga ukirudi kutoka ukutani unakuwa mpana na laini. Umeme ukikatika njia ni hiyo hiyo. Mshumaa usiweke karibu, paka na mkia wake hatabiriki. Na ukiona mistari myeusi inakatiza picha, hiyo ni balbu, umeme wetu ni wa hezi 50 na balbu nyingi za bei rahisi zinafifia mara 100 kwa sekunde, weka shata 1/100 au 1/50 mistari inaondoka.

Wenye kuku msijione mmesahaulika, kuku akishapanda kulala anatulia kiasi kwamba modi ya usiku inafanya kazi vizuri, egemeza simu kwenye tofali na upige kwa taimaa ya sekunde 3 ili kidole kisitikise.

Kwenye kuhariri usivute vivuli juu, ulichokiacha gizani kibaki huko. Rangi zikigoma kukaa sawa geuza nyeusi na nyeupe. Na ukimtumia mtu WhatsApp tuma kama dokumenti au gusa HD, maana picha ya giza ikibanwa zile sehemu nyeusi ndo zinaharibika kwanza, zinageuka viboksi viboksi.