Namna ya Kupima Kama Meneja wa Timu ya Besiboli Inayosuasua Anastahili Kutimuliwa

Timu ya besiboli ikipoteza michezo sita mfululizo mwezi Mei, mashabiki wake hugawanyika upesi: kuna wanaotaka meneja afungashiwe virago kabla ya jua kuchwa, na kuna wanaosihi apewe muda. Ubishi huo huchosha kwa sababu kila upande hupima kwa kipimo chake bila kukitaja. Mwongozo huu unamlenga shabiki anayetaka kuingia katika mjadala huo akiwa na hoja inayosimama, kwa kuwa kinachojadiliwa ni kazi ya mtu, na si haki kuihukumu kwa hasira ya usiku mmoja.

Anza kwa kutenga yaliyo mikononi mwa meneja na yasiyo mikononi mwake. Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea kocha anayebuni mfumo wa uchezaji na mara nyingi kuwa na sauti katika usajili, lakini katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani kazi zimegawanywa namna nyingine. Wachezaji 26 wa kikosi huletwa na meneja mkuu, au rais wa shughuli za besiboli, ambaye hukaa ofisini akipanga bajeti ya mishahara, akibadilishana wachezaji na klabu nyingine na kuajiri wachambuzi wa takwimu. Siku hizi hata mpangilio wa wapigaji katika klabu nyingi hujadiliwa na ofisi hiyo kabla meneja hajaujaza kwenye karatasi. Yanayobaki kwake ni kuamua mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, aondolewe lini na nani aingie, nani apumzishwe katika msimu wenye michezo 162, mpigaji wa akiba aitwe wakati gani, na kuwaweka pamoja watu wanaosafiri na kuishi pamoja miezi sita. Kikosi kikiwa dhaifu tangu siku ya kwanza, kumtimua meneja ni kuuadhibu mkono kwa kosa la kichwa.

Hatua inayofuata ni hesabu, nayo ni rahisi. Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli, alionyesha kwamba ushindi wa timu hukadiriwa vizuri kutokana na mikimbio, yaani alama za besiboli, iliyofunga na iliyofungwa: zidisha mikimbio ambayo timu yako imefunga kwa yenyewe, fanya vivyo hivyo kwa mikimbio ya wapinzani wake, kisha gawanya ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Tuseme timu yako imecheza michezo 70, imefunga mikimbio 280 na kufungwa 320. Hesabu itakupa takriban 0.434, ambayo kwa michezo 70 ni ushindi 30 hivi. Ikiwa timu imeshinda 30, basi inapata inachostahili na swali lako lipeleke kwa waliosajili. Ikiwa imeshinda 23, kuna ushindi saba uliopotea njiani, na hapo ndipo pa kuchimba: je, ni michezo iliyopotea kwa mkimbio mmoja, ambayo bahati ina sehemu kubwa ndani yake, au ni ile iliyoponyoka baada ya meneja kubadilisha warushaji kwa namna isiyoeleweka? Tazama michezo hiyo mmoja mmoja. Kazi hiyo huchukua jioni mbili tu, na wengi wanaopaza sauti hawajaifanya.

Orodha ya majeruhi nayo isomwe kabla ya msimamo wa ligi. Sijui mfano unaofundisha kuliko timu ya Washington Nationals ya mwaka 2019. Tarehe 23 Mei walimaliza kufagiwa na New York Mets, yaani kufungwa michezo yote waliyokutana mfululizo, wakiwa wameshinda michezo 19 na kupoteza 31, na Dave Martinez, meneja katika msimu wake wa pili, alikuwa amekalia kuti kavu. Kilio cha kumtaka aondoke kilikuwa kikubwa, na kocha wa warushaji alikuwa ameshaachishwa kazi mwanzoni mwa mwezi uleule. Lakini aliyeangalia kwa makini angeona kwamba mchezaji wao Trea Turner alikuwa nje zaidi ya mwezi mzima baada ya kuvunjika kidole, kwamba Anthony Rendon na Juan Soto nao walikosekana kwa vipindi, na kwamba warushaji wa akiba waliokabidhiwa meneja walikuwa miongoni mwa waliofanya vibaya zaidi katika ligi nzima. Klabu ilivumilia. Kuanzia siku iliyofuata timu ilishinda 74 na kupoteza 38, ikaingia mtoano, na mwezi Oktoba ikaifunga Houston Astros katika mchezo wa saba wa World Series, fainali ya ubingwa. Martinez alitimuliwa baadaye, Julai 2025, pamoja na meneja mkuu aliyemwajiri, na wakati huo uamuzi ulikuwa na sababu nyingine kabisa. Ambacho kingekuwa makosa mwaka 2019 kingeweza kuwa sahihi miaka sita baadaye, kwa mtu yuleyule.

Sasa njoo kwenye maamuzi yenyewe, maana hapa ndipo meneja anapohukumiwa kwa haki au kwa dhuluma. Hukumu uamuzi kwa yaliyojulikana ulipofanywa, wala usiuhukumu kwa matokeo yake. Chukua usiku wa tarehe 16 Oktoba 2003, uwanja wa New York Yankees, mchezo wa saba wa kuwania nafasi ya kucheza World Series. Boston Red Sox wanaongoza 5 kwa 2 katika awamu ya 8 kati ya 9 za kawaida, na kilimani, mahali pa kurushia, yupo Pedro Martínez, mrushaji bora wa kizazi chake, ambaye amekwisha kuchoka. Derek Jeter wa Yankees anapiga na kufika besi ya pili, kituo cha pili kati ya vinne anavyozunguka mchezaji ili kupata mkimbio. Bernie Williams anapiga, Jeter anarudi nyumbani, yaani kituo cha mwisho, 5 kwa 3. Grady Little, meneja wa Boston, anatoka kwenye kibanda na kutembea hadi kilimani. Mrushaji ameshatupa mipira 115. Wanazungumza kwa muda mfupi, kisha Little anageuka na kurudi alikotoka, peke yake. Hideki Matsui anapiga, Jorge Posada anapiga, na matokeo ni 5 kwa 5. Katika awamu ya 11 Aaron Boone wa Yankees anaupeleka mpira jukwaani, pigo la kuamua mchezo, na msimu wa Boston unakwisha. Siku chache baadaye klabu ilikataa kuuongeza mkataba wa Little.

Linganisha na tarehe 27 Oktoba 2020. Tampa Bay Rays wanaongoza 1 kwa 0 katika mchezo wa sita wa World Series. Mrushaji wao Blake Snell ametupa mipira 73 tu, ameruhusu mapigo mawili na kuwatoa wapigaji tisa kwa kuwakosesha mpira kabisa. Meneja Kevin Cash anamtoa katika awamu ya 6, kwa kuwa takwimu zinaonyesha kuwa wapigaji humzoea mrushaji wanapokutana naye mara ya tatu usiku mmoja. Muda si mrefu Los Angeles Dodgers wanapata mikimbio miwili, na mwishoni wanatwaa ubingwa kwa ushindi wa 3 kwa 1. Cash hakufukuzwa.

Mimi naona klabu zote mbili ziliamua sawasawa, ingawa uamuzi wa Cash uliniumiza kuutazama. Cash alifuata njia ileile iliyoifikisha timu yenye bajeti ndogo hadi fainali, nayo klabu ndiyo iliyomtaka aifuate. Little alikuwa na warushaji wa akiba waliokuwa wakifanya vizuri mno mwezi ule, akaona kwa macho yake uchovu wa mrushaji wake, akaacha. Kwa hiyo unapojenga hoja ya kumwondoa meneja, usitaje kosa moja lililokuuma. Taja kosa la aina moja lililorudiwa mara nne au tano wakati taarifa za kulizuia zilikuwapo.

Jambo la wachezaji kutomsikiliza meneja ni gumu kulipima kutoka jukwaani, na minong'ono isiyo na jina la msemaji haitoshi. Yapo hata hivyo yanayoonekana: mpigaji asiyekimbia hadi besi ya kwanza kwa kuwa amekwisha jihesabu ametolewa, mtupo unaopita juu ya mwenzake aliyekuwa akiusubiri, kosa lilelile la kukimbia besi likijirudia wiki baada ya wiki bila mtu kukalishwa benchi. Ukiyaona hayo kwa mwezi mzima, na kwa wachezaji wakongwe kama kwa vijana, una ushahidi wenye uzito.

Baada ya hapo mtake mwenzako ajibu swali moja: akiondoka huyu, anakuja nani, na atafanya nini tofauti? Mwaka 2022 Philadelphia Phillies walikuwa na jibu. Joe Girardi aliondolewa tarehe 3 Juni timu ikiwa imeshinda 22 na kupoteza 29, na msaidizi wake Rob Thomson akashika usukani. Chini yake ilishinda 65, ikapoteza 46, ikafika World Series. Kikosi kile kilikuwa na vipaji, na hapo ndipo kubadilisha meneja kunapoweza kuzaa matunda. Baltimore Orioles wa 1988 hawakuwa na jibu. Walimtimua Cal Ripken mkubwa, ambaye wanawe wawili walikuwa wakicheza katika timu ileile, baada ya michezo sita tu ya kwanza, yote wakiwa wamefungwa. Frank Robinson, mmoja wa wakubwa wa mchezo huu, akaichukua timu na kupoteza mingine 15 mfululizo. Msimu uliisha kwa kupoteza 107. Chicago White Sox wa 2024 walimwondoa Pedro Grifol mwezi Agosti wakiwa wameshinda 28 na kupoteza 89, katika iliyobaki wakashinda 13 na kupoteza 32, na kufikisha michezo 121 waliyopoteza.

Uwe mwangalifu pia na nafuu inayokuja yenyewe. Meneja hufukuzwa timu ikiwa katika hali mbaya kuliko uwezo wake halisi, kwa hiyo hata angebaki, wapigaji wangerudia wastani wao na majeruhi wangerejea. Colorado Rockies walimwondoa Bud Black mwezi Mei 2025 wakiwa wameshinda 7 na kupoteza 33, na katika michezo iliyobaki wakashinda 36 na kupoteza 86. Ni nafuu, ndiyo, lakini timu iliyopoteza 119 haikuponywa na mtu yeyote.

Kuhusu wakati, maneno machache yanatosha. Kabla ya mchezo wa 40 hesabu ya mikimbio bado inayumba. Mapumziko ya katikati ya Julai humpa mrithi siku chache za kujipanga. Baada ya hapo mara nyingi ni afadhali kusubiri msimu uishe, wakati ambapo klabu inaweza kuwahoji watu wengi zaidi. Mishahara iliyobaki kwenye mkataba wa meneja kwa kawaida hulipwa hata kibarua kikiota nyasi, kwa hiyo hoja ya kuokoa fedha haina nguvu.

Ukiwa umepita hatua hizo zote na bado unaamini aondoke, sema waziwazi na utoe sababu zako. Andika mahali tarehe ya siku hiyo, ushindi na vipigo vya timu, mikimbio iliyofunga na kufungwa, na majina ya walio majeruhi. Akitimuliwa kweli, hesabu michezo 40 mbele, chukua takwimu zilezile, ziweke kando ya zile za mwanzo, kisha umwite yule uliyebishana naye mzisome pamoja.