Jinsi ya Kuandika Habari za Wafanyakazi na Matukio Yajayo ya Makumbusho ya Sayansi

Makumbusho mengi ya sayansi huwatumia wageni na wanachama wake taarifa ya mara kwa mara, na taarifa hiyo kwa kawaida huwa na sehemu mbili: habari za wafanyakazi na orodha ya matukio yajayo. Sehemu ya kwanza mara nyingi huandikwa kama waraka wa ofisini, ikajaa vyeo na pongezi. Ya pili huandikwa kama ratiba ya masomo, ikajaa vichwa vya mihadhara visivyomweleza msomaji chochote. Dawa ya zote mbili ni kuzipima kwa swali moja kabla ya kuandika: mgeni akiingia mlangoni mwezi ujao, atakuta nini ambacho hakikuwapo, na ni nani atakayemwonyesha? Habari isiyogusa swali hilo, kama vile idara ya fedha kuhamia ghorofa nyingine, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ndani.

Kusanya habari kuanzia ukumbini

Usianzie kwa mkurugenzi. Anza na watu wanaokutana na wageni kutwa nzima: waelezaji, walinzi wa kumbi, wakata tiketi na mafundi wa karakana. Makumbusho ya Exploratorium, yaliyoanzishwa na Frank Oppenheimer mjini San Francisco mwaka 1969, yalijengwa juu ya wazo kwamba mgeni aguse na ajaribu mwenyewe, na tangu mwanzo yamewatumia vijana kama waelezaji wa kuwasaidia wageni kufanya hivyo. Katika mahali pa namna hiyo, mwelezaji aliyehitimu kuendesha jaribio jipya ni habari kubwa kuliko mjumbe mpya wa bodi, ijapokuwa mjumbe huyo ndiye atakayepiga simu kuuliza kwa nini jina lake limewekwa chini.

Ukimwomba mkuu wa idara akuletee habari, ataleta orodha ya mikutano aliyohudhuria. Muulize badala yake nani ameanza kazi, nani anaondoka, kifaa gani kimetengenezwa, na ukumbi gani utafungwa. Mpe siku ya mwisho ya kujibu, na iwe mapema vya kutosha ili upate muda wa kwenda kuona kwa macho yako kile alichokutajia.

Kwenda kuona ndiko kunakotofautisha tangazo hai na tangazo kavu. Chukua mfano wa fundi anayepewa jukumu la kutunza pendulamu ya Foucault, yaani tufe zito linaloning'inia kwenye waya mrefu, ambalo mwelekeo wa kubembea kwake hugeuka polepole kwa sababu dunia inazunguka. Tangazo la kawaida lingesema kwamba uongozi una furaha kutangaza uteuzi wake katika kitengo cha mitambo, na habari ingeishia hapo. Sasa mfuate fundi huyo asubuhi, kabla milango haijafunguliwa. Utamwona akilivuta tufe zito upande mmoja na kulifunga kwa uzi, kisha akingoja hadi litulie kabisa, kwa sababu mtikisiko wowote wa pembeni utaharibu mwendo wake wa siku nzima. Halafu anauchoma uzi kwa kiberiti badala ya kuliachia tufe kwa mkono. Ukiyaeleza hayo kwa sentensi mbili, kisha ukaongeza kwamba wageni wanaofika mapema wanaweza kumshuhudia akiuchoma, utakuwa umetangaza uteuzi na tukio kwa pamoja. Kama nafasi ipo, eleza pia kwamba kasi ya kugeuka kwa mwelekeo wa pendulamu hutegemea latitudo: kwenye ncha za dunia mzunguko mmoja huchukua takriban saa 24, mjini Paris, ambako mwanafizikia Foucault aliionyesha pendulamu yake mwaka 1851, huchukua takriban saa 32, na kwenye ikweta mwelekeo haugeuki kabisa. Kwa hiyo taja ni saa ngapi katika makumbusho yenu, kwa kuwa hilo ndilo swali ambalo fundi ataulizwa kila siku.

Kuajiriwa, kuondoka na misiba

Kwa mfanyakazi mpya, andika jina, kazi atakayoifanya, na jambo moja ambalo wageni watamjia kwa ajili yake. Shahada zake zitajwe tu pale zinapoeleza kazi hiyo: mtaalamu wa visukuku anayekuja kusafisha mifupa mbele ya wageni anahitaji kutajwa utaalamu wake, ila msimamizi wa tiketi hahitaji.

Kwa anayestaafu, epuka sifa za jumla ambazo zingemfaa mtu yeyote. Taja kitu alichokiacha ukumbini ambacho bado kinafanya kazi. Kwa anayeondoka kwa sababu nyingine, sema tu kwamba ameondoka lini na nani anashika nafasi yake. Ugonjwa, mgogoro na mshahara si mambo ya taarifa ya umma, hata kama kila mtu jengoni anayajua. Taarifa ya kifo isimame peke yake juu ya habari nyingine, isomwe kwanza na familia, na isifuatwe mara moja na tangazo la onyesho la mapovu ya sabuni.

Kila anayetajwa aone maneno yake kabla hayajatoka. Kwa picha za watoto zilizopigwa ukumbini, pata ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Bango la mlangoni linalosema kwamba picha zinapigwa halitoshi.

Matukio: msomaji anataka kuamua

Msomaji wa orodha ya matukio anataka kuamua kama aje au asije. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa kila tukio uonyeshe kitakachofanyika mbele ya macho yake, na kichwa cha kupendeza kisichukue nafasi ya maelezo. “Maajabu ya Baridi” hakimwambii kitu. “Mwelezaji atatumbukiza ua katika nitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, kisha atalivunja kama kioo” kinamwambia kila kitu, hata mtoto anayesomewa.

Panga matukio kwa tarehe na si kwa idara iliyoyaandaa, kwa sababu mgeni hajui wala hajali idara zenu. Andika siku ya wiki pamoja na tarehe, na uilinganishe na kalenda mwenyewe. Makosa ya aina hii ndiyo yanayopita kwa wahariri wengi zaidi. Saa nazo zina mtego wake: saa ya Kiswahili na saa ya kalenda za kompyuta hupishana kwa saa sita, na anayeona “saa 10:00” bila kipindi cha siku anaweza kufika alasiri kwa onyesho lililofanyika asubuhi. Andika “saa 4:00 asubuhi” katika maandishi, na kama mfumo wa tiketi unaonyesha 10:00, taja zote mbili.

Tahadhari ziwe katika tangazo lenyewe, zisingoje bango la ukumbini. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kukaribia koili ya Tesla, kifaa kinachorusha cheche ndefu za umeme, inapofanya kazi. Taa za kumetameta zinaweza kumletea kifafa mtu mwenye hali hiyo. Milipuko ya haidrojeni huwashtua watoto wachanga. Taja umri unaofaa, njia ya kiti cha magurudumu, kuwapo kwa mkalimani wa lugha ya alama, na kama kuna kipindi cha utulivu chenye taa na sauti zilizopunguzwa. Familia yenye mtoto mwenye usonji husoma mstari huo kabla ya kusoma kichwa.

Pale kanuni inapoonekana kali, toa sababu yake. Ukisema tu kwamba milango ya planetaria, ukumbi wa giza wa kuonyesha nyota, hufungwa onyesho linapoanza, utapokea malalamiko. Ukieleza kwamba macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na kwamba mlango ukifunguliwa mwanga huwarudisha nyuma watu wote ukumbini, malalamiko yatapungua.

Matukio ya angani yana ugumu wake, kwa kuwa anga haipangi ratiba na kamati yoyote. Kivuli cha kupatwa kwa jua kikamilifu kwa tarehe 12 Agosti 2026 hupita Greenland, Iceland na Hispania. Kile cha tarehe 2 Agosti 2027 hupita kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Afrika, na karibu na Luxor giza hudumu zaidi ya dakika sita. Makumbusho yaliyo nje ya njia hiyo yaeleze wazi kile kitakachoonekana kutoka uwanjani kwao, kwa sababu mtu aliyeahidiwa giza akaona jua lililomegwa kidogo tu hatarudi. Eleza kitakachofanyika mawingu yakitanda. Sisitiza kwamba miwani ya kutazamia iwe ya kiwango cha ISO 12312-2, wala si miwani ya jua ya kawaida. Vimondo vya Perseidi, ambavyo hufikia kilele karibu na tarehe 12 na 13 Agosti, hangaiko lake kubwa ni mbalamwezi. Na kwa kuwa jua hupatwa wakati wa mwezi mwandamo tu, usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 2026 hauna mbalamwezi ya kuvisumbua, jambo linalostahili kutajwa katika tangazo lile lile.

Siku za kimataifa husaidia kujaza kalenda: tarehe 11 Februari kwa wanawake na wasichana katika sayansi, 18 Mei kwa makumbusho, 4 hadi 10 Oktoba kwa Wiki ya Anga za Juu Duniani, inayokumbuka kurushwa kwa Sputnik, setilaiti ya kwanza, mwaka 1957 na kuanza kutumika kwa Mkataba wa Anga za Juu mwaka 1967. Zitumie pale tu mnapokuwa na kitu cha kuonyesha.

Kinachofungwa kitangazwe sawa na kinachofunguliwa. Mwaka 2017 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yaliondoa nakala maarufu ya mifupa ya dinosaria iliyoitwa Dippy kutoka ukumbi mkuu, na mahali pake pakawekwa mifupa ya nyangumi wa buluu. Mabadiliko ya namna hiyo lazima yatangazwe mapema, pamoja na siku ya mwisho ya kukiona kinachoondoka. Siku ya mwisho huvuta watu kuliko siku ya ufunguzi.

Kabla ya kuituma taarifa, mpe mkata tiketi aisome. Yeye ndiye atakayepigiwa simu, na ataona papo hapo bei iliyosahaulika au ukumbi uliobadilishwa jina. Tukio likiahirishwa baada ya taarifa kutoka, usilifute kwenye orodha. Liache mahali pake, andika neno “limeahirishwa” mbele ya jina, taja tarehe mpya kama ipo, na eleza jinsi waliokwisha lipa watakavyorudishiwa fedha zao.