Kuonja manukato Mwanza: kijiti, ngozi, daftari, na chupa mwishoni

Kichwa cha chupa ya kawaida hutoa takriban mililita 0.1 kila unapokibonyeza. Kwa hiyo chupa ya mililita 100 ina mipulizo karibu 1,000, na anayepuliza mara nne kwa siku itamtosha siku 250. Chupa kumi kabatini ni karibu miaka saba, tena ukizitumia kila siku bila kuruka. Muda wote huo bati liko juu na jua la mchana liko dirishani, kwa hiyo zile zenye ndimu na chungwa zitakuwa zimeharibika kabla hujafika hata katikati. Ndiyo maana ushauri hapa ni kukusanya vichupa vya mililita 3 na 5 pamoja na kurasa za daftari. Chupa nzima inunuliwe kwa harufu ambayo umeshaishi nayo mwezi mzima na bado unaitaka.

Vijiti vya kunusia

Duka lolote la vifaa vya shule lina karatasi ya manila. Ikate vipande vya upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 12. Karatasi ya gazeti ina harufu ya wino, na karatasi inayong'aa haifyonzi. Andika jina na saa kwa penseli, kwa sababu kalamu ya marka inanuka kuliko unachokipima. Puliza mara moja kutoka umbali wa sentimita 10, pepea nusu dakika pombe itoke, ndipo unuse. Kunja ncha ya kijiti kidogo ielekee juu ukikilaza mezani, isije ikagusa meza ikabeba harufu ya jana.

Usizidishe harufu nne kwa mzunguko mmoja, maana kuanzia ya tano pua inabahatisha. Punje za kahawa ambazo wauzaji wengine huweka kaunta hazisafishi pua. Kahawa ni harufu ya tano tu. Nusa sehemu ya ndani ya kiwiko chako ambayo haijapakwa kitu, au pumzika dakika kumi.

Ukizunguka maduka ya Makoroboi na jirani na soko kuu, moshi wa bodaboda na mahindi ya kuchoma vitaingia kwenye kila hukumu utakayotoa pale barabarani. Funga kila kijiti peke yake kwa karatasi ya foili na ukanuse nyumbani. Bahasha haifai, kwani harufu hupita na asubuhi utakuta vijiti vyote vinanukia kitu kimoja.

Ngozi, na tatizo la shombo

Kijiti kinakwambia tu kama harufu inafaa kuendelea kuchunguzwa. Hukumu iko kwenye ngozi, na ngozi inatakiwa iwe safi. Sabuni ya mche isiyotiwa manukato inatosha, na siku hiyo acha losheni yenye harufu.

Aliyetoka kuchambua dagaa au kukata sato ana kazi ya ziada. Shombo hutokana na kemikali za jamii ya amini, na sabuni peke yake haiziondoi vizuri. Asidi ya ndimu au limau huzigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani, kwa hiyo harufu inakufa. Paka, subiri dakika moja, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Usitoke juani na maji ya ndimu mkononi, kwani ndimu na jua pamoja huunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Kupuliza manukato juu ya shombo hakufuniki chochote. Unapata shombo lenye maua, na ni baya kuliko shombo lenyewe.

Puliza mara moja kwenye kila mkono, harufu moja kulia na nyingine kushoto, basi. Usisugue vifundo vya mikono. Kusugua hakuvunji kitu kama wengi wanavyosema, ila joto la msuguano hukimbiza harufu za mwanzo, na hizo ndizo ulizotaka kuzisikia. Ngozi ikiwa kavu, hasa Juni hadi Agosti, paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya mchele. Yanapunguza kasi ya kuruka.

Anza saa moja asubuhi. Nusa mara tano tangu upulize: baada ya dakika 1, dakika 15, saa 1, saa 4, kisha saa 8. Ndani ya nusu saa ya kwanza utasikia ndimu, chungwa, mnanaa na pombe. Baada ya hapo huja maua na viungo. Vinavyobaki jioni ni miti, ubani, vanila, miski na ambari. Kosa kubwa la mnunuzi ni kulipa kwa dakika ya 1 kisha kuishi na saa ya nne.

Mwanza ina jambo lake hapa. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi na usiku huwa na ubaridi ambao Dar es Salaam haina. Mchana miamba inakuwa imelishwa jua na mitaa ya mlimani inarudisha joto usoni. Manukato mazito ya sukari na vanila ambayo saa moja asubuhi upepo wa ziwa unayatuliza, saa nane mchana ndani ya daladala iliyojaa yanakuwa adhabu kwa abiria wenzako. Kila harufu ijaribu siku mbili: moja ya kazi mchana, moja ya kutoka jioni. Mipulizo miwili inatosha mchana. Minne ni ya jioni na nje.

Ukifika saa ya nne husikii kitu, usiseme imekwisha. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo ikaacha kuitangaza. Zaidi ya hapo, kuna aina za miski ambazo watu wengine hawazisikii kabisa tangu kuzaliwa. Muulize mtu anayeingia chumbani kutoka nje, usimuulize mliyekaa naye.

Daftari: kuandika zaidi ya "nzuri"

Hapa ndipo mkusanyiko wenyewe ulipo, na wengi hupapuuza. Kila harufu ipewe nusu ukurasa: jina kama lilivyo kwenye lebo, ilikotoka, tarehe, hali ya hewa, idadi ya mipulizo, na mistari mitano ya zile nyakati tano za kunusa. Neno "nzuri" lipige marufuku. "Inanukia" na "inanuka" yanasaidia kidogo, ila hayatoshi.

Tengeneza rejea yako. Tafuta vikopo kumi na mbili vya kioo vyenye mfuniko na uweke vitu unavyovijua: karafuu, iliki, mdalasini, mchaichai mkavu, ganda la chungwa, ubani, manemane, vumbi la penseli iliyochongwa, kiwi ya viatu, mshumaa, majani ya chai, na kipande cha vanila. Vanila inalimwa ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera. Nunua ganda lililokaushwa hadi likawa jeusi, kwa kuwa bichi halina harufu ile. Mchaichai na ganda la chungwa vibadilishe kila mwezi.

Sasa nusa manukato ukiwa na vikopo mbele yako. Vumbi la penseli linakumbusha mti wa mwerezi, utaukuta kwenye manukato mengi ya kiume. Mshumaa uliozimwa sasa hivi ni aldehidi, kemikali zilizoipa Chanel No. 5 umaarufu tangu mwaka 1921. Sukari ya bisi inayokaribia kuungua ni kemikali ya ethili maltoli, iliyovuma kwa Angel ya Mugler mwaka 1992 na ambayo leo imejaa kwenye manukato matamu ya Dubai. Udongo wa mvua ya kwanza ya vuli uko karibu na vetiva, mzizi wa nyasi. Ua la langilangi linanukia kama asumini iliyotiwa ndizi mbivu.

Na neno "majini" (aquatic) kwenye maelezo ya chupa lisikudanganye. Harufu hiyo hutoka zaidi kwenye kemikali iitwayo kaloni (Calone, siyo Cologne), nayo inaiga upepo wa bahari. Mtu aliyekulia Kirumba, kando ya ziwa, haoni ziwa humo; anasikia tikiti maji. Andika tikiti maji. Daftari ni lako.

Maneno ya lebo, kwa ufupi

Eau de Cologne huwa na mafuta ya harufu asilimia 2 hadi 4, Eau de Toilette 5 hadi 15, Eau de Parfum 15 hadi 20, na Parfum 20 hadi 30. Viwango hivi ni desturi tu na kila kiwanda kina vyake. Cologne ikiisha baada ya saa mbili haina kosa, ndivyo ilivyo. Attar na mafuta mengine yasiyo na pombe hukaa karibu na ngozi na hayapigi kelele. Gusa mara moja kila kifundo kwa kijiti cha chupa, usipake kwenye kanzu nyeupe, maana doa la mafuta halitoki kirahisi.

Pafyumu za kupima

Maduka ya kupima ni njia rahisi ya kuonja, mradi ujue unachonunua. Muuzaji ana mafuta kwenye chupa kubwa za alumini na anayachanganya na spiriti mbele yako. Uliza uwiano: mililita 10 za mafuta kwenye kichupa cha 30 ni theluthi moja, na hiyo ni nzito. Spiriti iwe ethanoli safi ya asilimia 95 au zaidi. Ukiona ukungu ndani ya kichupa, spiriti ina maji mengi na mafuta hayajayeyuka. Spiriti ya mafundi wa fenicha ikatae kabisa. Inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu hata kupitia ngozi.

Mchanganyiko mpya hunuka pombe. Uweke gizani wiki mbili hadi tatu kabla ya kuuandikia chochote. Na ukiandika, usiuingize chini ya jina la manukato yanayoigwa. Ni tafsiri ya mtengeneza mafuta tu, na duka la pili litakupa tafsiri nyingine. Andika "aina ya" fulani, duka na tarehe.

Kwa chupa zilizofungwa, linganisha namba ya toleo iliyo chini ya boksi na iliyo chini ya chupa, zikitofautiana, rudisha. Rangi kuwa kahawia siyo ushahidi wa feki, kwani vanila hugeuka hivyo yenyewe. Chupa iliyokaa kwenye kioo cha mbele cha duka, juani, iache hata kama ni halisi.

Kugawana na kutunza

Watu watano wakinunua chupa moja ya mililita 100, kila mmoja anapata 20. Tumia bomba jipya la sindano kwa kila harufu, na vichupa vya kioo, kwa sababu plastiki ya bei rahisi hubadilisha harufu. Usipulizie ndani ya kichupa kupitia mdomo wake wazi. Nusu inaishia hewani. Ondoa kichwa cha chupa kinachofunguka kwa skrubu, vuta kwa bomba, jaza hadi karibu na shingo ili hewa iwe kidogo, zungusha tepu kwenye mfuniko, weka lebo papo hapo. Vichwa vingi vimebanwa kwa chuma na havifunguki. Hapo puliza ndani ya bomba ulilotoa pistoni, huku tundu lake limeingia mdomoni mwa kichupa.

Maadui ni mwanga, joto na joto linalopanda na kushuka. Bafuni hapafai, juu ya kabati karibu na bati hapafai, wala mezani mbele ya kioo. Boksi la viatu lililofungwa, sakafuni mwa chumba cha ndani kabisa, linashinda vyote. Friji inasaidia ikiwa umeme ni wa kuaminika na humo hamna sangara. Manukato yaliyoharibika hutambulika mwanzoni: dakika ya kwanza inanuka siki, rangi ya kucha au mafuta ya kupikia ya zamani, kisha baada ya nusu saa harufu inarudi karibu kama ilivyokuwa. Hayo usiyapake tena, yanaweza kuwasha ngozi. Yapulize kwenye kitambaa cha pamba, subiri saa moja ile siki iondoke, kisha kitambaa kiingie kwenye sanduku la khanga.