SOMO: Gari ya kilomita laki mbili na kuendelea, uanzie wapi

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "Nimepata Corolla ina laki mbili na sitini, nichukue au imekufa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja.

Kilomita peke yake hazisemi kitu. Gari iliyokuwa ikipiga Arusha–Moshi kwenye lami, oili ikimwagwa kwa wakati, mimi naichukua kabla ya ile ya elfu tisini iliyoshinda kwenye foleni ikiongezewa oili tu bila kumwagwa. Kinachoua ni huduma iliyorukwa. Kama huna kumbukumbu, hesabu kwamba hakuna kilichofanyika, anza hivi:

1. Oili ya injini na filta yake kila kilomita 5,000. Kijiti pima kila wiki.

2. Filta ya hewa: wa vumbi la Simanjiro na Monduli ndani, ipigeni upepo kutokea upande safi kwenda upande mchafu. Ikichoka, nunua.

3. Taimingi (mkanda au cheni inayopanga mwendo wa vali na pistoni): Toyota zenye injini za 5A, 7A na 1JZ zina mkanda, badili kila kilomita 100,000 pamoja na tenshena (kikaza mkanda). NZ na ZZ ni cheni, hizo zinataka oili safi.

4. Mfumo wa kupoza. Hapa soma taratibu. Injini nyingi za umri huu zinafia kwenye joto.

Themostati ni vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Fundi akikwambia "themostati tunatoa, nchi yetu ya joto", chukua ufunguo wako uondoke. Ukiitoa, asubuhi za Julai hapa Arusha injini inatembea baridi, kompyuta inaongeza petroli, oili inachafuka mapema. Tena Toyota nyingi themostati ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato. Kisipokuwepo, maji mengi yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani utachemsha vile vile.

Maji ya bomba yana chumvi inayoganda kwenye rejeta, na hayazuii kutu. Mwaga yote injini ikiwa baridi, suuza, jaza kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini). Ile nzito, ambayo haijachanganywa, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. Kisha toa hewa: pua ya gari itazame mwinuko, hita moto wa mwisho, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, washa, minya hosi ya juu mpaka mapovu yaishe na feni iwake yenyewe. Kesho yake asubuhi angalia tena, lazima itakuwa imepungua kidogo.

ONYO: mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa.
ONYO: ikichemsha usiimwagie maji baridi, silinda hedi (kichwa cha injini) itapinda au kupasuka. Zima, subiri.
ONYO: maji yakiisha, mshale wa joto usiuamini. Sensa ikibaki hewani inadanganya.

5. Gia boksi ya auto: ukifungua nati ya chini inatoka sehemu tu ya haidroliki (oili ya gia boksi), nyingine inabaki ndani. Mwaga, jaza aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabu cha gari, tembea siku kadhaa, rudia. Haidroliki ya T-IV na ya CVT (gia boksi ya auto isiyo na gia za hatua) si kitu kimoja.

6. Mafuta ya breki: kila miaka 2.

MASWALI

Mdau wa Kwa Mrombo: Mkuu gari yangu inachemsha, tatizo nini?

Jibu: Gari gani? Inachemsha imesimama au ikipanda?

Mdau wa Kwa Mrombo: Noah. We si fundi, sema tu.

Jibu: Mimi siyo mganga, siwezi kupiga ramli. Ikichemsha kwenye foleni, angalia feni. Ikichemsha mlimani, ni rejeta imeziba, maji pungufu au gasketi ya silinda hedi. Noah ya zamani injini iko chini ya viti, mabomba ni marefu, hewa hunasa. Rudi namba 4.

Mdau wa Sakina: Samahani kaka, nimenunua Runx iliyotoka Japani. Nitajuaje ilihudumiwa lini?

Jibu: Swali zuri dada. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye fremu, kisha chini ya boneti. Gereji za Japani hubandika stika za oili zenye tarehe na kilomita. Ukikuta mwaka H20, au 20 kwenye stika kuukuu, huo ni wa Heisei, hesabu ya miaka ya Kijapani: jumlisha 1988, unapata 2008. Sasa linganisha na dashibodi. Stika ikisema 140,000 na dashibodi 80,000, umeshajua kilomita zilirudishwa nyuma.

Mdau wa Sakina: Jamani! Ya kwangu inasema 118,000, dashibodi 71,000.

Jibu: Pole. Usiitupe. Anza namba 1 kama gari ya 118,000 na zaidi, na uandike kila kitu kwenye daftari.

Mzee wa Machame: Kijana, hapo kwenye breki umepita haraka. Watu wanashuka kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu mguu juu ya breki mwanzo mwisho.

Jibu: Shikamoo mzee. Kweli kabisa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu: DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, iliyokwisha kunywa maji inaweza kushuka hadi 140. Yakichemka, pedali inazama. Weka gia ya 2 au L, injini ikushikilie.

Mdau wa Himo: Na tairi za mtumba?

Jibu: Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Kama hazionekani, geuza, ziko upande wa ndani.