Unaandaa chombo cha tanga? Anza na nyuzi

Wakubwa wa Mikindani na Lindi mnaoandaa vyombo mpande na kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, mpaka Kilwa, Mafia hadi Unguja, na mnataka kuishi humohumo ndani miezi kadhaa, naomba msikimbilie rangi. Anzeni na tanga. Jua letu linakula uzi kabla ya kitambaa, yaani tanga unaliona zima kabisa kumbe mshono umeshakufa, we pitisha ukucha kwa nguvu kidogo juu ya mshono, uzi ukikatika lishone lote upya sa hivi ukiwa pwani maana kule nje likichanika usiku utalia. Na ukitia nanga lifunike, hata kama unaondoka kesho asubuhi.

Chini napo. Kipandishe mchangani siku mbili kabla bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, halijafika kilele, ili maji yanayofuata yawe makubwa zaidi yakunyanyue, ukichelewa ukapandisha yakishaanza kupungua utakaa hapo mpaka bamvua lingine. Parua magamba yote, piga kalafati palipolegea, yaani ziba upya nyufa za kati ya mbao, halafu paka dawa, upande mmoja maji yakitoka mara hii, wa pili yakitoka mara ijayo. Bahari ya joto hii vitu vinaota haraka na wale wadudu wanaotoboa mbao hawana likizo.

Maji ya kunywa wekeni lita 4 kwa mtu kwa siku, kwenye madumu sio tanki moja, likivuja moja mengine yapo. Na turubai la kivuli jamani, mi nalihesabu sawa na nanga, saa saba mchana bila kivuli hata akili haifanyi kazi.