Jinsi ya Kupima Petroli Kituoni

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni vigumu kuitambua kwa macho au kwa harufu, na dereva anayesubiri injini ianze kugonga ndipo aanze kushuku huwa amechelewa, kwa kuwa mafuta ya kituo kile yamekwisha kuchanganyika na yaliyokuwamo tangini. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Hata hivyo, mnunuzi ana haki ya kujihakikishia mwenyewe.

Anza na karatasi nyeupe ya chujio. Mwombe mhudumu afute mdomo wa pampu kwa kitambaa safi, kisha adondoshe tone moja katikati ya karatasi. Petroli nzuri hutanda, ikapoa, na katika muda wa dakika mbili hivi ikawa imekauka. Rangi hafifu inaweza kubaki, nayo haina neno. Kinachotafutwa ni duara lenye mafuta, ambalo ukiliinua kwenye mwanga huonekana angavu kuliko karatasi iliyolizunguka, na ukiligusa huteleza kidoleni. Hiyo ni dalili ya kitu kizito kisichokauka upesi.

Kipimo hiki hunasa uchafuzi mkubwa tu, kwa hiyo mwenye magari mengi anafaa kununua haidromita (kifaa kinachoelea ndani ya mafuta na kuonyesha uzito wake kwa lita), kipimajoto na silinda ya kioo. Tuseme lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 na ya mafuta ya taa gramu 800: ukichanganya asilimia 10 ya mafuta ya taa, lita hufikia gramu 746 tu, uzito ambao bado ni wa kawaida kwa petroli. Isitoshe, joto likipanda kwa nyuzi 8, uzito hupungua kwa kiasi kama hicho hicho na kuuficha wizi wote. Ndiyo maana usomaji wa haidromita usioandamana na joto lililopimwa papo hapo hauna thamani, na inafaa uulinganishe na ule ulioandikwa kwenye hati za shehena iliyoshushwa kituoni, baada ya kurekebisha namba zote mbili kwa joto moja.

Maji ni rahisi zaidi: iache sampuli itulie ndani ya chupa ya kioo, nayo yatajitenga chini.

Sampuli ichukuliwe baada ya lita kadhaa kupita kwenye mpira wa pampu, katika chombo kilichowekwa ardhini, mbali na moto, na usinyonye mafuta kwa mdomo kamwe. Ukishuku, jaza chupa mbili safi zenye vifuniko visivyovuja, uandike juu yake kituo, namba ya pampu, tarehe na saa, uzihifadhi mahali penye kivuli pamoja na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), kisha utoe taarifa EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji. Maabara itaichemsha sampuli: petroli hutakiwa iwe imekwisha kugeuka mvuke ifikapo takriban nyuzi joto 210, ilhali mafuta ya taa huendelea kuchemka hadi karibu 300, na hapo mchanganyiko hauwezi kujificha.