Somo: Kupanga kurasa kwa Scribus, tuanze na jarida la shule

Jarida langu la kwanza nililipanga kwa Word. Nikalibeba kwenye flashi mpaka kwa mchapaji, tukalifungua kwenye kompyuta yake: kurasa 8 zimekuwa 11, picha ya mwalimu mkuu imelalia tangazo la ada. Tangu hapo natumia Scribus, programu ya kupanga kurasa za kuchapwa. Ni ya bure, na kompyuta ya kawaida inaibeba.

Kabla ya yote, makala ziandikwe na kusahihishwa kwingine. Maandishi na picha viweke kwenye folda moja. Scribus haimezi picha, inakumbuka tu ilipo. Ukiihamisha au ukiibadilisha jina, unabaki na fremu (kisanduku cha kuwekea picha au maandishi) tupu.

Hatua ya 1. Fungua hati ya A5 (mm 148 × 210), kurasa 8 zinazotazamana. Kijitabu cha kupigwa pini katikati huenda kwa nne nne, usipeleke kurasa 10. Penye "Bleeds" (ziada inayotoka nje ya ukingo wa ukurasa) weka mm 3, ili picha inayofika ukingoni isiache ufito mweupe baada ya kukatwa.

Hatua ya 2. Bonyeza T uchore fremu ya maandishi, I kwa fremu ya picha. Makala isipoenea, chora fremu nyingine ukurasa wa pili. Bofya ya kwanza, bonyeza N, bofya ya pili. Maandishi yatatiririka.

Hatua ya 3. Bonyeza F4 utengeneze mitindo mitatu: kichwa, matini, maelezo ya picha. Mhariri akitaka herufi zitoke pointi 10 ziwe 11, unagusa mahali pamoja, jarida zima linafuata. Anayepamba aya moja moja kwa mkono atakesha.

Hatua ya 4. Hii wengi huiruka. Maneno yetu ni marefu. Weka "walipotukaribisha" kwenye safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili, uone mashimo meupe yatakavyotapakaa. Ukiiachia programu ikate maneno kwa kanuni za Kiingereza, itakuletea "wan-afunzi". Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu: wa-na-fu-nzi. Na "ng'ombe" usikubali ikatwe penye ile alama ya ritifaa ('). Mimi safu ikiwa nyembamba nazima ukataji, naacha upande wa kulia bila kunyooshwa.

Hatua ya 5. Toa PDF. Programu itaorodhesha kasoro; zisome, usibofye tu kupita.

Maswali

Mkuu, picha za WhatsApp kwenye simu safi, kwenye karatasi zina ukungu. Tatizo nini?
WhatsApp huzibana. Mwambie aliyepiga azitume kama document. Picha ya upana wa sm 10 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inahitaji pikseli kama 1,180 kwa upana.

Bluu ya sare yetu inang'aa kwenye skrini, ikichapwa imepoa. Nimekosea wapi?
Hujakosea. Skrini ni mwanga, karatasi ni wino. Chagua rangi kwa CMYK (mfumo wa wino nne za uchapaji) na uombe nakala moja ya majaribio kabla hawajachapa zote.

Mwalimu, fremu yangu ina kisanduku chenye X kona ya chini kulia, hakifutiki.
Maandishi yamefurika. Rudi hatua ya 2, au mwombe mwandishi apunguze aya. Kupunguza herufi za makala moja tu ili ienee, hapana, dada. Msomaji ataiona palepale.